Mwaka Niliokataa Ndizi za Shangazi

Mimi ni fundi cherehani, na miili ya watu wa Mbugani, mtaa wetu hapa Kyela, naijua kuliko wanavyoijua wenyewe. Najua nani kanenepa tangu Pasaka, nani kakonda kwa mawazo, nani ana mimba ambayo bado hajamwambia mumewe. Siwasemi. Nachukua kipimo, nakata kitambaa, nashona. Mwili ambao nilikuwa siupimi ni wangu. Nguo zangu nilizikata kwa macho tu, madera mapana yasiyo na kiuno, na mtu akiniuliza nilimwambia huo ndio mtindo.

Kilichonitoa usingizini ni mavuno ya mpunga shambani kwa mama yangu, kijijini Mwaya. Shamba hilo aliachiwa na marehemu baba, na kila mwaka mpunga ukiiva tunakwenda sisi mabinti zake, wakwe zake, na shangazi yetu mmoja ambaye hakubali kuachwa. Tunajipanga mstari mmoja kwenye ukingo wa shamba, kila mtu na mundu wake, kila mtu na kipande chake mbele yake, kisha tunainama na kusogea pamoja hadi upande wa pili. Mazungumzo ya ukoo yote yanafanyika ndani ya mstari ule. Nani kaposwa, nani karudi kwao, nani kapaua nyumba kwa bati. Huwezi kuyasikia ukiwa umesimama pembeni, kwa sababu watu wanaozungumza wakiwa wameinama wanazungumza na ardhi.

Mwaka ule nilikata vishada vichache tu, goti la kulia likakataa kunyooka. Nikabaki nimeinama, siwezi kwenda mbele wala kurudi nyuma. Shangazi na wifi yangu wakaniinua huku na huku, wakicheka. Walicheka kwa upendo, najua, lakini walicheka. Mama akatuma kiti cha plastiki kiletwe kutoka nyumbani, nikaketishwa pembeni ya shamba karibu na chupa za chai, kama mgeni rasmi. Mstari ukaenda bila mimi. Ulipokaribia upande wa pili nikasikia wote wameangua kicheko kikubwa, na hadi leo sijui walikuwa wanacheka nini. Wote wanadai hawakumbuki.

Nilikaa pale nimefura. Nilizaliwa na mama yule, mpunga ule ndio ulionikuza, na sasa nalinda chai. Nikaapa moyoni kwamba mavuno yajayo nitakuwa ndani ya mstari, kuanzia ukingo hadi ukingo. Sikutaka kusaidiwa kipande wala kupewa kazi nyepesi ya kukusanya.

Nesi aliyenipima magoti alinieleza vizuri. Alisema hayana ugonjwa wa kutisha, ila yamebebeshwa mzigo. Nitembee kila siku kwa haraka, nipunguze mafuta, nipunguze na wali. Nikamtazama usoni kujua anatoka mkoa gani. Mtu wa Kyela hawezi kumwambia mtu mwingine wa Kyela apunguze wali bila kwanza kumpa pole. Lakini kiapo ni kiapo, nikamwambia nitapunguza.

Nilianza kesho yake. Nilivaa raba za mume wangu, nikajifunga khanga kiunoni, nikatoka kabla maduka hayajafunguliwa. Njia niliyoichagua ilikuwa ile inayotoka nyuma ya nyumba za Mbugani na kuingia vijijini, katikati ya migomba na mikokoa, kwa sababu ina kivuli na nimeizoea tangu utoto. Wiki za kwanza nilionekana kituko. Huku kwetu mwanamke mtu mzima akionekana asubuhi anatembea mbio hana mzigo kichwani, basi kuna msiba. Watu walinisimamisha kuniuliza nani amefariki. Nikijibu kwamba ni mazoezi tu, walinipa pole hivyohivyo.

Nyumbani nilikuwa mkali kuliko nesi. Wali kijiko kimoja, mboga nyingi, samaki wa kuchemsha badala ya kukaangwa, mawese nikayafungia kabatini. Mume wangu alilalamika, nikamwambia ale kwa wote wawili, na alikula. Mwili ukaitika. Kila Jumamosi nilifunga mlango wa kibanda changu cha ushonaji, nikajizungushia futi, ile ya njano ninayowapimia wateja, na kila Jumamosi ilikuwa imerudi nyuma kidogo. Madera yakaanza kunipwaya. Nikajidai mtaani kote. Wateja waliokuja kupima nguo za harusi waliondoka na mawaidha ya mazoezi ambayo hawakuyaomba.

Halafu ikasimama. Jumamosi moja futi ilisoma kama wiki iliyopita, nikasema ni kawaida. Ya pili vilevile. Ikapita miezi, kokoa ikachumwa, ikaanikwa, ikauzwa, watu wakapanda mpunga, na futi bado imegota palepale kama punda aliyegoma njiani. Na si kwamba nilitegea. Sikukosa asubuhi hata moja isipokuwa Jumapili. Nikaongeza mwendo, haikusaidia. Nikarefusha njia, nikapita nyumba ya shangazi, nikaenda hadi kwa mjomba, kisha hadi kwa mama mdogo kule kwenye michikichi. Jumamosi iliyofuata futi ikaongezeka. Nilikasirika nusura niikate kwa mkasi. Nilinunua futi mpya dukani, nikafikiri labda ya zamani imevutika kwa matumizi. Mpya nayo ikasema yaleyale.

Nakiri nilitaka kuacha. Mpunga wa mama ulikuwa umeshasimama majini, kijani kibichi, na kila nilipouona nilihesabu kwamba muda unakwisha. Mzito kama nilivyokuwa, goti lingenifikisha robo ya shamba, halafu wangeniinua tena. Nilikuwa na uhakika nao, watanicheka tena kwa upendo uleule.

Mvua kubwa za masika zikaingilia kati. Maji yalijaa kwenye njia yangu ya vijijini hadi juu ya magoti, ikawa haipitiki. Kwa kuwa sitaki kushindwa na mvua, nikahamia barabara ya lami inayokwenda Kasumulu, kule mpakani. Ile barabara haina raha. Malori ya kwenda Malawi yanakupulizia moshi, waendesha bodaboda wanakuita mama mzungu, na hakuna hata mtu mmoja unayemjua wa kukuuliza umeamkaje. Nilikwenda na kurudi nimenuna. Lakini masika hayajaisha, futi ikasogea. Wiki iliyofuata ikasogea tena.

Nikapata imani mpya. Nikatangaza kwamba lami ndiyo dawa. Niliwaeleza wateja kwamba ugumu wa lami unagonga mwili kwa chini na kuyeyusha mafuta, ilhali udongo laini unayabembeleza. Nilisema kwa uhakika kabisa, na yupo mama mmoja wa kwaya aliyenunua raba kwa ajili ya maneno yangu. Maji yalipokauka nikarudi njia yangu ya vijijini, kwa sababu niliikumbuka mno na moshi ulinichosha, nikijua kwamba sasa mwili umeshafunguka. Futi ikagota siku zilezile.

Mbele ya kibanda changu kuna duka la vitambaa la jirani yangu, Muislamu, ambaye babu zake walikuja huku na biashara kutoka pwani. Ni shoga yangu wa miaka mingi. Kila siku kabla ya saa nne anavuta benchi lake upande wangu, nami nikiwa nashona namletea habari za vijijini nilizookota asubuhi. Siku hiyo nilikuwa namsimulia kwa kirefu. Nilimwambia kwamba shangazi kasema yule binti aliyekuwa aolewe kagoma, aliniambia tukiwa tunakula ndizi za mawese. Mjomba naye kauza ng'ombe, lakini mkewe hana habari, aliponinong'oneza mkewe alikuwa ameingia jikoni kunichukulia kiporo cha wali. Na mama mdogo mguu wake unaendelea vizuri, ameweza kusimama mwenyewe kunikaangia usipa, wale dagaa wa ziwani.

Jirani akanyoosha mkono, akasimamisha gurudumu la cherehani yangu.

"Fundi," alisema, "mbona kila habari yako ina sahani?"

Nilimwambia aache utani. Zile hazikuwa sahani, zile zilikuwa salamu. Nikamweleza desturi yetu, ambayo yeye amezaliwa humuhumu anaijua. Kwetu Unyakyusa hupiti nje ya nyumba ya ndugu ukapunga mkono. Unaingia, unainama, unasema "mugonile", wanakuitikia, unaulizwa watoto, unaulizwa mume, na kabla hujajibu yote kitu kimeshawekwa mkononi. Ndizi, kikombe cha chai yenye maziwa, kipande cha samaki mbasa. Unaonja, unasema "ndaga", asante, unaondoka. Hakuna anayeita hivyo kula. Kula ni nyumbani kwako, kwenye sahani yako.

"Na unaonja nyumba ngapi?" akaniuliza.

Nilianza kuzitaja kwa vidole, nikiwa bado na kiburi changu. Nilipohamia mkono wa pili nikaacha kuhesabu. Jirani yangu alicheka mpaka ushungi ukamvuka. Nami nikakaa pale, mguu juu ya pedeli, nikizitazama asubuhi zangu zote zinapita mbele yangu, kila moja na bakuli lake. Lami haikuwa na dawa yoyote, ila tu sina shangazi Kasumulu. Na mwezi ule niliorefusha njia nilikuwa nimejiongezea karamu tu. Nesi aliponiuliza nakula nini, nilimwambia ukweli mtupu, wali kijiko kimoja, na hakuna mahali kwenye jibu lile ambapo nyumba za ndugu zingeingia.

Nilidhani kugundua ndiyo kumaliza. Kesho yake nilifika kwa shangazi, dada mdogo wa marehemu baba, nikasalimia, akaweka ndizi mbele yangu, nikamwambia leo nimeshiba. Akanitazama. Siku iliyofuata nikasema tumbo haliko sawa. Siku ya tatu nikasema nina haraka, nikasalimia nimesimama. Kwa mjomba nilifanya hivyohivyo. Kabla wiki haijaisha mama alinipigia simu kutoka Mwaya, na sauti yake niliijua kabla hajamaliza kusalimia.

"Nimesikia siku hizi unaogopa vyakula vya watu," alisema. "Ni nani aliyekwambia shangazi yako ni mchawi?"

Nilikuwa nimewaza kiuno changu tu, sikuwaza kwamba kwetu anayekataa chungu cha ndugu yake, tena bila sababu ya kueleweka, amemtuhumu. Hasemi kwa mdomo, lakini amemtuhumu. Shangazi aliyenibeba mgongoni alikuwa amekaa siku kadhaa akijiuliza kanikosea nini, na majirani zake wameshaanza kuulizana wao kwa wao. Niliona aibu, kisha nikapandwa na hasira, kwa sababu sasa nilikuwa na njia mbili na zote mbovu. Nile, nibaki kama nilivyo na waniinue tena shambani. Au nikimbilie lami, nikonde vizuri sana, halafu nifike kwenye mstari wa mama ambao hakuna atakayetaka kusimama karibu nami.

Jioni ileile niliacha gauni la mteja likiwa na mkono mmoja, nikaenda. Shangazi alikuwa uani, kokoa yake imetandazwa kwenye mikeka, na harufu yake kali ya kuchacha imejaa kote. Aliniitikia salamu bila kuinua kichwa. Safari hii hakuweka kitu mbele yangu, na nakwambia hakuna njaa inayouma kama kukaa mbele ya shangazi asiyekupa kitu.

"Shangazi," nikamwambia, "sikukataa chakula chako. Nimekataa kuinuliwa."

Akauliza kuinuliwa wapi. Nikamkumbusha siku ile shambani, yeye upande mmoja na wifi upande wa pili. Nikamwambia jinsi nilivyokaa pale pembeni. Nikamwambia nataka kuvuna na wenzangu mwaka huu hata kama ni mara ya mwisho maishani, na kwamba ndizi zake ni tamu na ndizo zinazonizuia. Nilisema mengi kuliko nilivyopanga.

Shangazi aliokota punje za kokoa zilizodondoka nje ya mkeka, akazirudisha.

"Ulikuwa mzito kweli siku ile," alisema. "Kiuno kiliniuma hadi Jumapili."

Nikacheka, machozi yananitoka. Yeye hakucheka. Alikuwa bado ana shida moja, na aliisema waziwazi. "Sasa ukija asubuhi nikufanyeje? Usimame hapo mlangoni unanitazama kama askari wa mpakani? Watu watasema nini wakiona mwana wa kaka yangu anatoka kwangu mikono mitupu?"

Hapo ndipo akili ilinijia, na hii niliitoa mwenyewe, sikuambiwa na nesi wala jirani. Nikamwambia anipe kazi. Nikifika, nikishasalimia, badala ya kunipa sahani anipe kazi ya mikono, ndogo, ya kumaliza tukiwa tunazungumza. Nitakuwa nimeingia kwake, nimeshika cha kwake, na kila anayepita njiani ataona. Na Jumapili baada ya ibada nitakuja kula, sahani iliyojaa, na mawese juu, mbele ya macho ya majirani wote.

Alinipima kwa macho kama ninavyowapima wateja wangu. Kisha akasogeza kwa mguu reki ya mbao iliyokuwa kando ya mkeka. "Igeuze basi hiyo kokoa," alisema. "Jua linakwisha."

Shangazi ana mdomo, namshukuru Mungu kwa mdomo ule. Ndani ya siku chache habari ilikuwa imefika nyumba zote za njia yangu, na ilifika ikiwa imenyooka. Ndugu zangu waliipokea kwa furaha iliyozidi kidogo. Kwa mjomba nilikuta ndoo mbili zinanisubiri nichote maji. Kwa mama mdogo nilitwanga. Kwa shangazi niligeuza kokoa, na alipogundua nina nguvu akanihamishia kwenye kupasua kuni. Nilikuwa kibarua wa ukoo mzima. Habari niliendelea kuzipata, tena nyingi zaidi, maana mtu anayekutazama ukifanya kazi yake anafunguka kuliko anayekutazama ukila. Nilipofika kibandani jirani alikuwa ananiuliza kwanza nimefanya kazi gani, ndipo aulize nani kaposwa.

Futi ilianza kurudi nyuma, polepole, kisha bila kusimama. Ilipita pale ilipogota miezi yote ile, nami nikaketi juu ya rundo la vitambaa nikaitazama nisiamini. Nilijishonea gauni la kitenge lenye kiuno na pensi, ile mishono ya kubana mwilini, mbele na nyuma. Nililitengea siku nzima, wateja wakangoja. Nilipolivaa nikavuka hadi dukani kwa jirani, nikazunguka mbele ya kioo chake mara nyingi kuliko adabu inavyoruhusu. Najivuna, ndiyo. Nimeshona magauni ya watu maisha yangu yote, na lile ndilo gauni langu bora.

Mpunga wa mama uliiva. Asubuhi ya mavuno tulijipanga ukingoni, umande bado haujakauka, mimi katikati ya shangazi na wifi. Hakuna aliyesema kitu kuhusu magoti yangu, na nilijua wameambizana wasiseme. Tukainama. Robo ya shamba ilipita. Nusu ikapita, goti likaanza kulalamika, nikaliacha lilalamike, maana kunyooka lilikuwa linanyooka. Wifi alikuwa anasimulia kisa cha mchumba aliyefika ukweni na viatu vya kuazima vikamkwama miguuni, na alipofika mwisho wa kisa mstari mzima uliangua kicheko, nami nikacheka nikiwa nimeinama, uso ukielekea ardhini kama wa wenzangu. Mkono wangu uligusa ukingo wa pili jua likiwa halijawa kali. Nikanyooka. Sikushikwa na mtu.

Mama hajipangi siku hizi, umri umekwenda. Kazi yake ni kupita nyuma ya mstari akikagua. Nilimwona anakuja taratibu na fimbo yake, akatazama kipande cha wifi, akatazama cha shangazi, akasimama kwenye changu. Nilingoja aseme kitu kuhusu mwaka mzima ule.

Akachokoa mabua kwa ncha ya fimbo. "Nani kavuna hapa?" aliuliza. "Masuke yamebaki chini kama kapita ng'ombe. Rudi uokote."

"Ee mama," nikajibu.

Nikarudi hadi katikati ya shamba, nikainama, nikaanza kuyaokota suke moja moja. Nyuma yangu mama alikuwa bado anagomba, na wenzangu waliokwishaanza kipande cha pili walikuwa wananiita niwahi. Nilificha uso ndani ya mabua ili wasione jinsi nilivyokuwa nafurahi.